Sura ya Tisa: Jina Nyuma ya Bahasha

Saa nne asubuhi ya Alhamisi, Inspekta Kavutha Ndeti alikuwa amebakiwa na saa sita. Sheria haikuwa na maneno mengi: mtu akikamatwa, kabla saa ishirini na nne hazijaisha afikishwe mbele ya hakimu au aende kwao. Asmaa Abdulghani alikamatwa Jumatano saa kumi jioni. Leo ikigonga saa kumi, ama ameshtakiwa, ama yuko nyumbani Majengo.

Nje ya kituo, kwenye benchi la simenti, babake alikuwa ameketi tangu alfajiri. Mzee Abdulghani alikuwa fundi cherehani, na nusu ya sare za shule za Machakos zilikuwa zimepita mikononi mwake. Alikuja na chupa ya chai, kanzu imepigwa pasi hadi mikunjo inasimama.

"Mama Inspekta," mzee alimwambia Kavutha alipopita, "mimi sikuja kukuomba huruma. Nimekuja kumngoja mwanangu. Akitoka anikute hapa."

"Na asipotoka, mzee?"

"Atatoka," mzee alisema, akafunika chai yake.

Kavutha aliingia ndani huku akiipitia kesi kichwani. Chuo kimoja cha uuguzi kilikuwa kimeamua mwaka huu wa 2007 kutangaza orodha ya wanafunzi wapya kwenye mtandao. Kazi hiyo ilipewa kampuni ndogo ya Bwana Musyoka, iliyokuwa orofa ya pili juu ya duka la mbolea, na mji mzima ulijisifu kwamba kitu kama hicho kimetengenezwa Machakos bila mtu wa Nairobi kutia mkono. Ijumaa, msichana wa Ekalakala aitwaye Mumbua alisoma jina lake kwenye orodha hiyo kwa macho yake mwenyewe. Jumatatu akafika chuoni na sanduku la bati kichwani na godoro mgongoni mwa kaka yake, akaambiwa jina hilo halipo. Mahali pake palikuwa na jina la Mutanu, msichana wa mjini.

Jina lilibadilishwa Jumamosi saa tano na dakika tano. Kumbukumbu za seva, ile kompyuta inayoihifadhi orodha, zilisema aliyelibadilisha ni Asmaa.

Binti aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtandio umefungwa vizuri, macho mekundu kidogo kwa kukosa usingizi. Hakuinamisha kichwa. Sajini Muli, mwenye tumbo la heshima na kalamu isiyoisha wino, alifungua daftari.

"Jumamosi saa tano ulikuwa wapi?" Kavutha aliuliza.

"Ofisini. Mimi, Bwana Musyoka na Mike Kaloki, yule mwandishi wa programu. Jumamosi tunafanya nusu siku."

"Mutanu unamjua?"

"Amepanga chumba kwa baba, mwaka wa pili sasa. Mimi humpa chumvi, yeye hunipa mboga."

"Na safari hii umempa chuo," Muli alisema.

Asmaa akamgeukia taratibu. "Sajini, kama ni kunifunga nifunge. Lakini nifunge kwa jambo unalolielewa."

Kalamu ya Muli ilisimama. Kavutha aliuma mdomo ili asicheke. Katika miaka ishirini na mitatu ya kazi alikuwa amehoji waongo wa kila rangi, na aligundua kwamba mwongo hukimbilia kueleza alipokuwa. Huyu alikuwa ameudhika kama fundi anayeambiwa suruali yake imeshonwa vibaya.

"Basi tufanye tuelewe," alisema. "Mimi nilisoma enzi za chaki. Anza mwanzo. Kazi yako ni nini?"

"Mimi ni mjaribu. Mike anajenga, mimi nabomoa. Natafuta pa kuvunjia kabla mwizi hajapaona." Asmaa alivuta kiti mbele. "Ukifungua ukurasa wa mtandao, kompyuta yako inatuma ombi kwa seva. Ombi ni kama barua. Kabla ya barua yenyewe kuna maneno ya mbele, tunayaita heda. Yanasema unatumia kompyuta ya aina gani, unataka lugha gani, umetoka ukurasa upi. Mara nyingi kompyuta huyaandika yenyewe na wewe huyaoni. Mjaribu lazima ayaandike kwa mkono. Naweza kuiambia seva mimi ni simu, nione itafanya nini. Naweza kuiambia nasoma Kikamba tu."

"Na ikakujibu Kikamba?"

"Siku hizi inajibu. Mwezi wa pili ilikuwa inaanguka." Kidogo tu, pembe ya mdomo wake ilipanda. "Tuna heda moja yetu wenyewe, iitwayo Mjaribu. Ndani yake naandika jina langu. Seva ikiiona inajua haya ni majaribio, inafungua mlango wa orodha bila neno la siri."

"Mlango mzima?" Muli aliruka. "Kwa jina tu?"

"Kwa jina tu. Nikamwandikia Bwana Musyoka mara tatu: mlango huu ufungwe kabla orodha haijatoka. Ripoti zipo, na tarehe zake."

Kavutha aliwaza barua. Babake mwenyewe alichambua barua posta ya Machakos miaka thelathini, na jioni alimfundisha bintiye kusoma bahasha. Muhuri wa posta, alimwambia, umepigwa na posta. Jina la nyuma ameliandika aliyeituma, na kalamu haimuulizi mtu kitambulisho.

"Kwata ndaĩ, Muli," alisema ghafla.

Sajini alimtazama kama anayehofia kwamba ameruka akili, lakini alizaliwa Muthetheni na kitendawili hakiachwi hewani. "Nakwata."

"Nimeandika mimi, nimetuma mimi, umekamatwa wewe."

Muli alikuna kidevu. "Barua yenye jina la mtu mwingine."

"Chukua funguo za gari."

*

Ngazi za juu ya duka la mbolea zilinuka chumvichumvi. Musyoka aliwapokea wote watatu mlangoni, mtu mwembamba wa shati jeupe ambaye tangu jana alikuwa amezeeka. Mike Kaloki alikuwa dirishani, vipokea sauti shingoni. Kijana mrefu, mchangamfu.

"Asmaa! Tumekumiss, walai," alisema. "Madam, kama kuna kitu naweza kusaidia, niko."

"Utasaidia," Kavutha alisema. "Kwa sasa nenda chini ukanywe chai. Usiende mbali."

Mike alipotoka, Asmaa alimkalisha Sajini Muli mbele ya kompyuta ya Musyoka, ambayo Asmaa mwenyewe hakuwahi kuigusa. Alisimama nyuma yake, mikono ameikunja ili mtu asije akasema ameingiza kidole.

"Fungua brauza. Hapo juu kuna kidude cha kubadilisha heda, sote tunacho. Kibonyeze. Andika Mjaribu. Kando yake andika Asmaa. Sasa washa."

Muli aliandika kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi kama anayeokota maharage. Akafungua ukurasa wa orodha. Juu kabisa pakatokea maneno: *Karibu, mjaribu Asmaa. Unaweza kuhariri.*

Muli aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Nimekuwa msichana," Muli alisema.

"Badilisha jina. Andika Muli," Asmaa alimwambia.

Aliandika, akabonyeza. *Karibu, mjaribu Muli. Unaweza kuhariri.* Sajini alitazama jina lake likimeta pale juu, akaonekana kuburudika kuliko ilivyofaa.

Musyoka aliegemea ukuta. "Nilisema tutaufunga baada ya wiki moja," alisema kwa sauti ndogo. "Tulikuwa na haraka, mwaitu, mama yangu."

"Haraka yako imelala rumande," Kavutha alimjibu. "Na ile anwani ya kompyuta ambayo seva huipiga yenyewe kwa kila ombi? Huo muhuri wa posta haudanganyi?"

"Haudanganyi," Asmaa alisema, "lakini ofisi nzima tunatoka kwa laini moja. Muhuri unasema barua imetoka ofisi hii. Hausemi meza gani."

"Na aina ya kompyuta? Jana niliambiwa ombi lile lilitoka kwenye kompyuta kama yako."

"Hiyo nayo ni heda. Inaandikwa na mtumaji, kama hilo jina la Sajini."

Muli alizima tabasamu, akarudi kuwa polisi. "Madam, hii inaonyesha mtu mwingine *angeweza*. Haionyeshi mtu mwingine *alifanya*. Mkuu wa upelelezi atanirushia hili faili usoni."

Alisema kweli, na Kavutha alimheshimu kwa hilo. Saa ya ukutani ilisema saba kasoro robo. Alizunguka nyuma ya kiti, akatazama skrini. Muli alikuwa ameondoka kwenye orodha na kufungua ukurasa wa shule ya chekechea, mmoja wa wateja wa Musyoka, akiangalia picha za watoto.

"Asmaa, hicho kidude, ukimaliza kazi kinajizima?"

"La. Mpaka ukizime mwenyewe. Ndilo kosa la kila mjaribu anayeanza. Mimi mwaka wa kwanza nilisahau siku nzima. Jina langu likaenda na kila ukurasa niliofungua, kila mahali, hadi..."

Akasita. Akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Kavutha aliona fikra ikimwingia usoni kama taa inayowashwa chumba cha ndani.

"Sasa hivi," Kavutha alisema polepole, "Sajini anaangalia watoto wa chekechea. Seva inamwona nani?"

"Inamwona mjaribu Muli," Asmaa alinong'ona.

"Na inaandika?"

"Inaandika. Mimi ndiye niliyelazimisha iandike heda zote, kwa tovuti zote tano tunazozihifadhi. Mike alilalamika kwamba ni kujaza nafasi bure." Aliinua kidevu. "Niling'ang'ania."

"Bwana Musyoka, jana ulinipa kumbukumbu za tovuti ngapi?"

Musyoka aliinua kidole kimoja. "Moja. Ya chuo. Hamkuuliza nyingine."

"Nauliza sasa. Jumamosi, kuanzia saa tano hadi saa sita. Zote nne zilizobaki. Asmaa asiguse kitu. Zichape wewe, Sajini asimame kando yako na kila ukurasa autie sahihi unapotoka."

Printa ilikuwa ya kelele, ikitoa karatasi kama mzee anayepanda milima ya Iveti. Shule ya chekechea: hakuna. Wauza mawe wa Lukenya: hakuna. Kanisa: watu wawili, walitafuta nambari ya simu ya mchungaji. Ukurasa wa nne ulikuwa wa klabu ya voliboli ya Muthetheni. Kavutha aliweka kidole kwenye mstari, akausoma mara mbili. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye mkoba wake.

"Asmaa, nenda chumba cha nyuma na Bwana Musyoka. Mlango ufungwe. Muli, mwite kijana wa chai."

*

Mike aliingia akifuta makombo ya mandazi kwenye suruali. Alikaa bila kukaribishwa.

"Nimesikia Muthetheni wamewachapa Ekalakala," Kavutha alisema.

Kijana aliwaka. "Madam, hukuwepo? Ijumaa jioni! Seti tatu kwa mbili! Tulikuwa tumepoteza mbili za kwanza, watu wameanza kwenda nyumbani. Halafu nikaweka yule kijana wa kushoto aserve..." Aliinua mkono kuonyesha. "Wakalala!"

"Wewe ndiye kocha?"

"Kocha, katibu, dereva, kila kitu. Klabu ni ya kwetu. Hata uwanja tulilima kwa jembe."

Muli, mtoto wa Muthetheni, hakuweza kujizuia. "Lile pigo la mwisho ni kweli liligonga mstari?"

"Liligonga, afande! Nimeandika kwa tovuti, soma!"

"Nimesoma," Kavutha alisema. "Imeandikwa vizuri. Inamfanya mtu aone mpira. Unaandika mwenyewe?"

"Mimi. Hakuna mwingine."

"Hata hii ya mechi ya Ijumaa?"

"Mimi. Niliweka Jumamosi, hapo hapo kwa meza yangu. Saa tano na kitu."

"Nilidhani labda Asmaa alikuandikia. Ana neno lako la siri?"

Mike alicheka hadi akashika meza. "Asmaa? Hajui hata seti ni pointi ngapi! Password iko hapa." Aligusa paji la uso. "Hata mke wangu hana."

"Na kompyuta yako? Huenda mtu aliitumia ukiwa umetoka kidogo."

"Sikutoka kwa kiti mpaka saa sita, Madam. Niko na nidhamu. Ndio maana timu inashinda."

"Nimekuamini. Sajini ameandika. Soma, kama ndivyo ulivyosema tia sahihi."

Alisoma kwa furaha ya mtu anayejisoma gazetini, akatia sahihi kubwa yenye mkia. Kavutha aliuvuta ule ukurasa kuelekea upande wake wa meza, akatoa karatasi mkobani, akaikunjua mbele yake.

"Sasa nisomee huu mstari. Kwa sauti."

"Saa tano na dakika kumi na nane," Mike alisoma. "Tovuti: Voliboli Muthetheni. Ameingia kwa neno la siri: kaloki. Habari mpya imewekwa. Heda... Mjaribu..."

Kidole chake kilikwama kwenye neno lililofuata.

"Endelea."

Alisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Chini barabarani mwuza duka alikuwa akibishana na mtu juu ya gunia lililopasuka, na kila neno lilisikika.

"Nilizima," Mike alisema. "Hiyo kitu nilizima."

"Ulizima nini, Mike?"

Hapo ndipo aliposikia alichokisema. Akaangalia sahihi yake yenye mkia kwenye daftari la Muli.

"Saa tano na dakika tano uliandika jina la Asmaa kwenye heda, ukaingia kwenye orodha, ukamtoa msichana wa Ekalakala," Kavutha alisema. Hakupandisha sauti. "Dakika kumi na tatu baadaye ukaenda kujisifu. Ukaingia kwa jina lako na neno lako la siri, na jina la Asmaa bado umelivaa. Mutanu ni nani kwako?"

"Ni mdogo wa mke wangu." Vipokea sauti vilikuwa vimemning'inia shingoni kama hatamu. "Alikosa kwa alama mbili tu, Madam. Nyumbani ilikuwa ni maneno kila siku, ati bwana wa kompyuta, na shemeji yako amekaa tu. Kwa kwetu mimi ndio mtu wa kufanya mambo yaende."

"Na Asmaa?"

"Nilijua watafikiria ni yeye, sababu Mutanu anakaa kwa babake. Lakini nilidhani Musyoka atamkaripia tu, iishe. Sikujua ni mambo ya polisi."

"Yule wa Ekalakala alibeba sanduku kutoka kwao hadi geti la chuo, akarudi nalo," Muli alisema. Hakuwa akifikiria voliboli tena. Alisimama, akatoa pingu. "Twende, kocha."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Asmaa alimtazama mwenzake akifungwa mikono. Mike hakumtazama.

"Miaka miwili," Asmaa alisema, "nimekuwa nakwambia ukimaliza kujaribu angalia kidude. Kila siku, Mike."

Kisha akamgeukia Musyoka. "Mlango ule?"

"Naufunga leo. Na jina la Mumbua narudisha sasa hivi, wewe ukiangalia."

"Funga leo. Kesho saa mbili naja kuubomoa. Ukifunguka, hatutangazi kitu."

"Sawa, madam," Musyoka alisema, na safari hii hakuwa akizungumza na polisi.

*

Saa tisa na dakika arobaini walikuwa mbele ya kaunta ya kituo. Watu kumi hivi walikuwa kwenye foleni, huyu ameibiwa mbuzi, yule amepoteza kitambulisho. Mzee Abdulghani alikuwa ameruhusiwa kuingia, amesimama hatua mbili nyuma ya bintiye. Muli alifungua kile kitabu kikubwa cha matukio ambacho polisi wote hukiita OB, akaandika, akakigeuza.

"Tia sahihi hapa, uende."

Asmaa alisoma. Akaweka kalamu chini.

"Sitii."

"Wewe binti! Umeachiliwa!"

"Umeandika *ameachiliwa kwa kukosekana ushahidi*."

"Ndivyo huandikwa siku zote."

"Ushahidi haukukosekana, Sajini. Ulipatikana, na wewe mwenyewe umeutia sahihi ukurasa kwa ukurasa. Mkosaji yuko huko ndani." Alikisukuma kitabu nyuma kidogo. "Nikitia sahihi hapo, kesho mtu akiuliza, nitakuwa yule ambaye hakupatikana na kitu. Kazi yangu nzima ni jina langu kwenye kazi za watu. Sitii."

"Saa kumi ikifika bado uko hapa, mimi ndiye nitakayekuwa na makosa!"

"Basi andika haraka."

Mtu wa mbuzi alicheka. Muli alimtazama Kavutha kwa macho ya kuomba msaada. Inspekta alizunguka kaunta, akachukua kalamu. OB haifutwi, kwa hiyo alipiga mstari mmoja ulionyooka juu ya maneno yale, akaandika herufi za jina lake pembeni, kisha chini yake akaandika upya, bila haraka, kwa mwandiko ambao babake angeusifu. Alipomaliza alikigeuza kitabu.

Asmaa alisoma mara moja. Akatia sahihi, majina yote matatu, na mbele yake akaongeza neno moja: mjaribu.

"Mwanangu," Mzee Abdulghani alisema nyuma yake, "macho yangu siku hizi hata uzi hayatungi vizuri. Imesemaje?"

"Nitakuambia nyumbani, baba."

"Hapana. Jana jioni walikutoa ofisini, watu wote wakiangalia." Mzee aliwatazama watu wa foleni, akanyoosha kanzu. "Soma hapa."

Asmaa alimtazama Kavutha. Kavutha alisogeza kitabu karibu na mwanga. Watu wa foleni walisogea karibu, hata karani wa ndani akaacha kupiga mihuri.

"Asmaa Abdulghani Zubair," alisoma, "ameachiliwa leo saa tisa na dakika hamsini. Hakutenda kosa lolote. Ushahidi uliomwonyesha mkosaji umetokana na kazi ya mikono yake."

"Rudia hapo mwisho," babake alisema.

Akarudia.